Kochi la Mteja Halikaliwi

“Mama mdogo, kwa nini ulimwambia yule kaka kwamba makochi ni yetu?”

Nilimuuliza hivyo nikiwa bado nabadilisha meno. Mvua ilikuwa ndiyo kwanza imekatika, naye amesimama mlangoni pa sebule akimtazama mgeni anavyoruka madimbwi kuelekea barabarani. Alisema tu, “Nenda kaokote pini bandani, zisije zikamchoma mtu.” Nikaenda, maana kwa sauti ile hata paka angeenda.

Mama mdogo ni mdogo wake mama yangu, kitinda mimba wa babu na bibi. Mama alikuwa akifanya kazi mbali, kwa hiyo mimi nilikuwa nalelewa pale, na nyumba ile ilikuwa nyumba ya makochi. Babu ni fundi makochi. Anachonga fremu, anavuta mipira ya kubeba sponji, anabandika sponji kwa gundi inayowasha macho, halafu mama mdogo anashona vitambaa. Alianza kushona siku mguu wake ulipofika kwenye kanyagio la cherehani. Wateja walimwita Pindo, kwa sababu pindo lake lilinyooka hata pale mbao za babu zilipokataa kunyooka.

Banda la kazi lilikuwa na kuta tatu tu. Wa nne ulikuwa kwenye mipango. Mabati nayo yalivuja, kwa hiyo kochi likishakamilika halikulala bandani. Lilivishwa nailoni, likaingizwa sebuleni, likakaa humo mpaka mwenyewe aje na gari. Ndiyo maana sebule yetu ilikuwa na makochi mazuri kuliko sebule zote za mtaa ule, na sisi tulikaa chini kwenye mkeka, katikati yake, kama watu waliopotea msituni.

Sheria ilikuwa moja: kochi la mteja halikaliwi. Haliegemewi. Haliwekewi daftari, wala kikombe, wala mtoto aliyelala. Bibi aliilinda sheria hiyo kwa mwiko mkononi. Mimi nilikua nikidhani makochi ni kama watu wazima: unayapita kwa adabu, huyarukii. Wageni walipokelewa nje, kwenye stuli.

Mwaka huo mama mdogo alipata nafasi chuo kikuu cha umma, kusomea upimaji wa ardhi. Babu alitangaza habari hiyo kwa kila mteja hata kabla ya kutaja bei. Lakini hata chuo cha umma kina ada, tena ada yenyewe ilikuwa kubwa kuliko kila kitu tulichokuwa nacho ukikiweka pamoja na bati lake. Mama mdogo hakuwa na njia nyingine ila ufadhili wa ada, ule unaotolewa kwa watoto wa kaya zenye kipato kidogo. Aliomba. Akaambiwa mkaguzi atakuja nyumbani kuiona hali kwa macho. Siku haitajwi, ili watu wasijipange.

Sasa ulizeni jinsi watu wasivyojipanga.

“Mapazia nifue au nisifue?” Bibi aliuliza asubuhi moja. “Nikifua tutaonekana tuna uwezo. Nisipofua tutaonekana wachafu.”

“Usifue,” alisema jirani yetu, fundi baiskeli. Mtaa mzima ulimwita Redio, kwa sababu ukimwambia jambo, unalikuta sokoni limekutangulia. “Mimi ningekuwa nyie ningetoa hata mlango. Mtu akikuta hakuna mlango, anaandika mwenyewe bila kuuliza.”

“Wewe toa wa kwako,” Bibi akamjibu, akafua.

Mama mdogo hakucheka. Kila mlango ulipogongwa alishika kifua. Mtu akija kuulizia bei ya sponji, yeye alishajifuta mikono na kusimama wima. Alienda bombani na simu ameifunga ndani ya mfuko wa plastiki, na maji yakijaa ndoo haoni, yanamwagika miguuni. Usiku nilimsikia akinong’ona majibu: sisi ni watu wanne, maji ya bomba la mtaa, umeme upo lakini hukatika, kazi ya baba ni ufundi. Sisi ni watu wanne. Alirudia kama mtoto anayekariri jedwali. Nami nilikuwa nimelala kando yake nikijiuliza: hivi mtu anaweza kukosea idadi ya watu wa kwao?

Sebuleni wakati huo kulikuwa na makochi ya mahameli ya kijani, kazi kubwa kuliko zote ambazo babu aliwahi kupata. Yalikuwa ya mama mmoja mwenye duka la dawa karibu na hospitali. Aliyachelewesha kwa sababu nyumba yake ilikuwa inapakwa rangi. Mama mdogo alimwambia babu, “Baba, tuyapeleke hata kwa jirani, mkaguzi asije akayakuta.” Babu akasema, “Kijani ile nimpelekee nani, Redio? Aje ayapake grisi? Mkaguzi atakaa nje kama wageni wote.”

Mkaguzi akaja, na mvua ikaja naye.

Si mvua ya kusimama chini ya ukingo wa bati, ni ile inayopiga ubavuni. Alikuwa kijana, begi mgongoni, shati limemganda. Redio naye alikuja mbio kujikinga, akasimama mlangoni kwetu kana kwamba yumo kwenye orodha ya kaya. Stuli zote zilikuwa bandani zimelowa na gundi. Mgeni akasimama katikati ya sebule, maji yanamtiririka. Na sisi sote tukasimama tukimtazama, maana hapakuwa na mahali pa kumkalisha.

Niliuona uso wa babu. Alikuwa mtu aliyetengeneza viti maisha yake yote, na sasa mgeni wa bintiye amesimama ndani ya nyumba yake kama mwizi anayesubiri hukumu. Alitoa kisu mfukoni. Akapitisha kwenye nailoni, shwaa! kutoka mkono mmoja wa kochi mpaka wa pili.

“Kaa, mwanangu.”

“Mzee, nimelowa. Nitasimama tu.”

“Kaa. Kiti ni cha kukaliwa.”

Jikoni, mwiko ulidondoka.

Mgeni akajifuta, akaketi. Akazama. Akatoa sauti ambayo haikuwa ya kikazi hata kidogo. “Lo, mzee! Hili kochi!”

Babu alinenepa papo hapo. Akaketi kando yake. “Na wewe kaa, binti, mgeni anataka kuzungumza nawe.” Mama mdogo akakaa kwenye kochi la mtu mmoja, kwenye ukingo, kama aliyekalia mayai. Mimi nikabaki kwenye mkeka, macho yamenitoka.

Maswali yakaanza na majibu yakatoka vizuri, yale yale ya usiku. Watu wanne. Bomba la mtaa. Nilianza kupumua. Nilimwona mama mdogo naye akirudi nyuma kidogo kidogo kwenye kiti, mabega yakishuka.

Halafu yule kijana akapapasa mahameli. “Na haya makochi, mzee, ni ya hapa nyumbani?”

Babu akatazama nailoni iliyochanika sakafuni. Akatazama mlangoni, ambako Redio alikuwa amenyoosha shingo mpaka imekaribia kuingia peke yake. Akisema ni ya mteja, kabla mvua haijaisha mji mzima ungejua kwamba fundi huyu hupasua nailoni za watu na kukalisha wageni waliolowa. Nani angempelekea kochi tena?

“Ya hapa,” babu alisema.

Kijana akamgeukia mama mdogo. “Ni kweli, dada?”

Nilijua atakataa. Nilikuwa na uhakika kabisa. Lilikuwa jambo la neno moja, na neno hilo ndilo lilikuwa chuo chote. Mkono wake ulikuwa juu ya mkono wa kochi.

“Ndiyo,” alisema. “Ni yetu.”

Kijana akabonyeza simu yake, akapiga picha, akashukuru, akaaga mvua ilipokatika. Redio akaondoka akisema, “Hongereni kwa makochi, sikujua kumbe!” Bibi akatoka jikoni polepole.

“Baba watoto, umemwambia nini yule mtoto wa watu?”

Babu alikuwa ameshika sindano, anajaribu kuishona nailoni. Nailoni haishoneki, kila mtu anajua hilo.

“Umesifiwa sponji,” Bibi alisema, “ukalipa kwa binti yako.”

Basi ndipo nikauliza swali langu na kutumwa pini.

Jibu la chuo lilikuja kwa ujumbe wa simu. Mama mdogo aliusoma amesimama, akausoma tena, halafu akampa Bibi, ambaye hasomi bila miwani, na miwani ilikuwa mkononi mwake mwenyewe lakini akaitafuta chumba kizima. Ombi limekataliwa, kaya ina uwezo wa kulipa ada. Asiyeridhika akate rufaa kabla ya Ijumaa. Mkuu wa kaya afike mwenyewe, na kama mali iliyoonekana ni ya mtu mwingine, mwenye mali athibitishe kwa maandishi na muhuri.

Mwenye mali. Yaani mama wa duka la dawa. Yaani babu aende akamwambie kwa mdomo wake kwamba alipasua nailoni.

Babu aligonga misumari ikapinda, akaing’oa, akaigonga tena ikapinda. Mama mdogo alishona. Sindano ikavunjika, akaweka nyingine, nayo ikamchoma kidoleni, akanyonya damu na kuendelea. Hakumwomba babake kitu. Hilo ndilo lililonitisha mimi. Nilizoea kuona watu wakigombana ndipo mambo yaende.

“Fundi akijulikana amesema uongo,” babu alisema mchana mmoja, bila kuulizwa, “hata futi yake ya kupimia hawaiamini.”

“Futi itaaminiwa,” Bibi alijibu. “Wa kukaa nyumbani ni huyu.”

“Mama, mwache,” mama mdogo alisema.

“Nimwache nini? Kesho kutwa ni Ijumaa!”

Alhamisi babu aliamka, akavaa shati la kola, lile la misiba na harusi. Akasema, “Twende.” Mama mdogo akafuata. Mimi nikafuata pia, kwa sababu hakuna aliyenikataza na niliona heri niende kabla hawajakumbuka.

Mama wa duka la dawa alikuwa anahesabu vidonge kwa kisu kidogo, viwili viwili. Tulimsubiri amalize. Babu akamweleza yote, taratibu, akitazama kaunta. Alipofika pale alipopasua nailoni, yule mama akavua miwani.

“Ngoja. Umemkalisha mtu kwenye makochi yangu, na mvua ile?”

“Alijifuta, mama.”

“Alijifuta na nini?”

“Na… na leso yake.”

“Na wewe ulikaa?”

“Nilikaa.”

“Na huyu Pindo?”

“Alikaa.”

“Na mtoto?”

“Mimi sikukaa,” nilidakia. “Nilitaka tu.”

Hakucheka. Alimtazama mama mdogo kwa muda, kuanzia kidole kilichofungwa kitambaa mpaka viatu. Kisha akachukua karatasi, akaandika, akagonga muhuri kwa nguvu mpaka chupa za dawa zikatikisika.

“Binti sina ugomvi naye, asome. Lakini makochi yaletwe leo leo, rangi ikauke isikauke. Na yale mabenchi ya wagonjwa niliyokuambia, mzee, nitampa fundi mwingine.”

Mabenchi yale ndiyo babu alikuwa ameyategemea kwa ukuta wa nne wa banda. “Sawa, mama,” alisema. Akapokea karatasi kwa mikono miwili. Tulipotoka nje alitembea mbele yetu, na mama mdogo hakujaribu kumfikia.

Ijumaa walienda chuoni. Sikwenda, lakini mama mdogo aliisimulia siku ile mara nyingi hivi kwamba nami nakumbuka foleni yake. Ilizunguka jengo. Watu walishika karatasi kifuani kama watoto wachanga. Mlinzi kila mara alikuwa akitoka na kusema ofisi itafungwa mapema, halafu anarudi ndani, na kila akitoka mama mdogo alihesabu upya watu waliowatangulia. Walipofika dirishani, aliyekaa ndani alikuwa yule yule kijana.

Babu hakusubiri kuulizwa. “Yale makochi si yangu. Nilikuambia yangu. Andika hivyo.”

Kijana akasoma barua, akatazama muhuri. “Mzee, watu huja hapa kuficha mali. Wewe ulikuwa unaficha umaskini?”

“Sikuficha umaskini, kijana, ulikuwa umeukanyaga. Nilificha nailoni niliyoikata.”

Kijana akasema atakuja tena nyumbani kwetu kuona, bila taarifa. Na usajili wa wanafunzi wapya ulikuwa unaanza.

Siku zile sizitamani. Mama mdogo alipanga nguo kwenye begi, akazipangua, akazipanga. Bibi alimkataza kupanga, eti anajichulia, halafu yeye mwenyewe akaingiza sabuni begini kwa siri. Mimi niligeuka kuwa mlinzi. Nilikaa njiapanda baada ya shule nikitafuta mtu mwenye begi mgongoni, na kila mtu mwenye begi alikuwa si yeye.

Akaja nikiwa ndani nakula. Kumbe asubuhi ile ile babu alikuwa ameingiza kochi lingine sebuleni, jekundu, la dereva wa lori, kwa sababu wingu lilikuwa limetanda. Kijana akatokea mlangoni. Kabla hajafungua kinywa, sisi wanne tukapiga kelele kwa pamoja:

“Si letu!”

Akashtuka mpaka akarudi nyuma hatua. “Hodi kwanza, jamani,” akasema.

Alivua viatu, akaketi nasi kwenye mkeka, miguu ameikunja kwa shida, mgongo wake ukiwa karibu kabisa na kochi jekundu bila kuligusa. Aliuliza maswali yale yale. Alipoondoka hakusema ndiyo wala hapana. Mama mdogo akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi, akauliza, “Mmeona uso wake? Uso wake ulikuwaje?” Kila mmoja aliuona tofauti. Bibi aliona huruma. Babu aliona kazi. Mimi niliona ana pengo kama langu, nikasema hivyo, nikaambiwa ninyamaze.

Mama mdogo aliondoka kwenda kusajiliwa bila jibu. Ujumbe ulimkuta kwenye foleni ya chuo, kwa hiyo sisi tuliusikia kwa simu, babu ameishika mbali na sikio ili wote tusikie. Sehemu kubwa ya ada italipwa. Sehemu iliyobaki kaya ichangie. Bibi alikaa chini. Babu alisema, “Haya,” akaenda bandani, na hatukusikia nyundo kwa kitambo.

Sehemu iliyobaki mama mdogo aliilipa kwa cherehani. Kila likizo alirudi kushona, macho mekundu. Muhula mmoja karibu afutiwe usajili, akaokolewa na mapazia ya kanisa fulani. Wateja wa babu walipungua. Mama wa duka la dawa hakumsema popote, lakini Redio aliisema habari hiyo kila mahali, tena kwa kuongeza chumvi, mpaka ikafika kwamba mkaguzi alilala juu ya kochi. Ukuta wa nne haukujengwa. Mama mdogo alimaliza, akapata kazi ya kupima viwanja na barabara, na siku hizi anabeba kifaa cha miguu mitatu begani, buti miguuni, anabishana na wenye mashamba.

Nyumbani kwetu kisa cha “ndiyo” yake kimekuwa sifa. Bibi husema, “Yule binti alikubali kukosa chuo ili asimwaibishe babake.” Mashangazi hutikisa vichwa. Babu akisikia hivyo huondoka kwenda kutafuta kitu bandani. Nami nilikua nikiliamini hilo, na nililipenda.

Mwaka huu shuleni kwetu wameanza kutueleza habari za ufadhili wa ada, kwa wale tutakaoomba. Usingizi umeshaanza kunipaa. Nilienda likizo kwa mama mdogo, kwenye chumba chake cha kupanga, nikamkuta anasugua tope kwenye buti. Nikamuuliza tena lile swali la makochi, nikaongeza mwenyewe, “Ulikuwa unamlinda babu, sivyo?”

Aliendelea kusugua. Nilidhani ananituma pini nyingine.

“Wanavyosema hivyo naona haya,” alisema. “Babu sikumfikiria kabisa. Nilishona makochi tangu nikiwa mdogo kuliko wewe, mwanangu, na siku ile ndiyo ya kwanza kukalia hata moja. Nilikuwa nimeegemea. Yule kaka aliponiuliza, ‘ndiyo’ ilinitoka kabla sijakumbuka kwamba sisi ni maskini.”